Lenzi mpya haifokasi kwenye D3100: kamera imekufa, ama nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

KijanaWaLangoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na wengine habari za jioni.

Mie nipo Amu (Lamu), natumia Nikon D3100. Niliinunua mkononi kwa mtu, Sh 20,000 pamoja na lenzi yake ya zumu ya 18-55 (namba ikipanda yavuta karibu zaidi), na mwaka sasa yanilisha: wageni wa Shela, picha za vyeti vya watoto wa madrasa, harusi mbili upande wa wanaume. Mchana sina neno nayo. Shida ni usiku. Ikishaadhiniwa magharibi lenzi ile huwa kipofu. Nikipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, picha yajaa chenga kama mchele uliopepetwa vibaya. Nikiiacha chini, mtu akigeuza shingo tu ashakuwa jini.

Kila niliyemuuliza aliniambia tafuta 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana), ndiyo dawa. Nikajinyima miezi mitatu. Nikaipata kwa jamaa mmoja Mombasa, imetumika lakini kioo safi, Sh 9,000. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na jana asubuhi nikaipokea gatini kwa mikono miwili.

Nyumbani naifunga, inaingia taratibu, inalia "kchak" kama ilizaliwa na kamera hii. Nawasha. Pale panapokaa namba za tundu la lenzi panapepesa herufi tatu: FEE. Nikacheka kwa uchungu, hata kamera yanidai ada! Nabonyeza, haipigi. Nikaizungusha pete ya lenzi huku na huku, kuna mahali ikakubali kupiga, ila haifokasi. Haitoi hata mlio. Ni kama nimeshika kikombe.

Nikampelekea fundi mmoja wa simu hapa mjini. Akafungua kifuniko cha betri, akakifunga, akasema saketi ya fokasi imeungua, nimpe Sh 6,500 aagize nyingine. Lakini nikirudisha ile 18-55 inafokasi kama kawaida! Ndipo roho ikasita. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Jirani_wa_Kilifi

Rudisha hiyo lenzi leo leo. Mwambie akurudishie pesa au umtangaze hapa. Lenzi isiyofokasi ni kopo.

Simu_Yatosha

Pole ndugu. Sipendi kumcheka mtu akiwa kwenye shida, lakini 20,000 na 9,000 ni 29,000. Simu ya bei hiyo inapiga usiku bila kukudai ada.

FundiVioo_Malindi

Kijana, tulia. Usimpe mtu hata senti, na huyo wa Mombasa usimtukane bado. Kamera yako nzima, lenzi yako nzima. Zimeozeshwa bila kuulizana, basi.

Mdomo wa kamera za SLR za Nikon (zile zenye kioo cha kujiinua ndani), pale lenzi inapofungwa, haujabadilika umbo tangu 1959. Ndiyo maana lenzi ya babu huingia kwenye kamera ya mjukuu ikalia hiyo kchak yako. Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Lenzi zao za autofokasi ziko za namna mbili. Kuna zenye mota yake ndani, zimeandikwa AF-S, au AF-P kwa zile za karibuni. Na kuna za zamani, AF tupu au AF-D, zisizo na mota. Hizo husubiri kuzungushwa na mota iliyo ndani ya kamera.

Yako bila shaka ina herufi D baada ya 1.8. Igeuze uitazame kitako. Kwenye pete ya chuma utaona kishimo kidogo chenye mfereji katikati, mfano wa kichwa cha skrubu. Sasa chungulia mdomo wa D3100. Ingekuwa D90 au D7000, ungeona ncha ya bisibisi imejitokeza kwenye ukingo, tayari kukutana na skrubu ile. Kwako hakuna. Wala haikuungua, haikuwekwa tangu kiwandani. D40, D60, ukoo wote wa D3000 hadi D3500 na ukoo wa D5000 hadi D5600 zimetoka hivyo, ili ziwe nyepesi na bei iwe chini. Kwa hiyo hakuna cha kuagiza kwa Sh 6,500.

Na FEE si ada. Ni kamera inakuambia pete ya tundu haiko mwisho. Lenzi za D zina pete ya tundu ya kuzungusha kwa mkono, urithi wa siku za filamu. Izungushe hadi f/22, ile namba ya rangi ya chungwa, kisha sukuma kile kifungio kidogo pembeni isitoke tena. Kuanzia hapo tundu utalibadilisha kwenye kamera, na kupima mwanga itapima vizuri. Utakachokosa ni autofokasi peke yake.

Hata fokasi ya mkono hukuachwa yatima. Chungulia dirishani, chini upande wa kushoto. Bonyeza kitufe nusu, zungusha pete ya mbele polepole. Kikiwaka kitone cha kijani kikatulia, piga.

KijanaWaLangoni

Fundi, Mungu akuweke. Kishimo nimekiona, kiko vilevile ulivyosema, na f/22 ni ya chungwa kweli. FEE imekwenda zake.

Jana baada ya isha nikatoka hadi Mkunguni kuijaribu. Mbele ya ngome kulikuwa na wazee wamekaa, na pembeni muuza mishkaki anapepea mkaa. Taa ni ile ya nguzo na huo mkaa tu. Nikaweka A, ambapo tundu nachagua mwenyewe, f/1.8, ISO 800. Nikamwomba muuza mishkaki ruhusa, akaniambia piga lakini moshi siuzimi. Kitone kikawaka, nikabonyeza.

Wakuu, jasho la pua lake laonekana tone moja moja, na cheche za mkaa nyuma zimekuwa duara za dhahabu. Na ile 18-55 yangu hapo ingenipa kivuli tu.

Ila nisiseme uongo, nilipiga 40, zilizo kali ni 11. Akisogea kidogo tu, jicho limekwenda. Kuna picha sikio limefokasi sana, jicho limelala. Nilidhani mkono wangu mbaya.

FundiVioo_Malindi

Mkono wako ndio kwanza unajifunza. 50mm kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 1 mbele yako, unene wa kilicho kikali ni kama sentimita 3. Pua ikiwa kali, sikio limeyeyuka. Rudi nyuma hadi mita 2 unapata kama sentimita 11, hapo uso wote unaingia. Au funga tundu hadi f/2.8 na upandishe ISO kidogo. Kuna watu hununua f/1.8 wakadhani ni haramu kutumia namba nyingine.

Pia ujue kwa nini ulifurahi. 18-55 ikivutwa mwisho hufungua hadi f/5.6 tu. Kutoka hapo hadi f/1.8 ni mwanga karibu mara 10. Hakuna uchawi, ni upana wa dirisha.

Mkanoni_Watamu

Ndiyo maana mie niko Canon. Tangu walipoleta EF mwaka 1987, kila lenzi ya EF ina mota yake ndani. Chukua 1100D ya mkononi, chukua 50mm yoyote ya EF, hakuna kuchungulia vishimo wala vitone.

FundiVioo_Malindi

Kweli kabisa, kwa anayeanza Canon ina maswali machache. Lakini mwambie na upande wa pili: walipoleta EF waliutupa mdomo wa zamani wa FD, na waliokuwa na kabati la lenzi za FD wakabaki nazo mapambo. Nikon wakabakisha mdomo wakakuachia mafumbo, Canon wakaondoa mafumbo pamoja na mdomo wenyewe. Na hata kwako, lenzi za EF-S zimetengenezewa kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha) kama hiyo 1100D. Siku ukipanda kamera ya fremu kamili, yenye sensa kubwa, hazitaingia. Kila nyumba na ufa wake.

BintiMkomani

Kaka Kijana, hongera kwa picha ya mishkaki. Sasa nikuambie ambalo hukuambiwa na hao waliokutuma 50mm.

Wanaoisifu wengi wanaishi miji yenye barabara. Sensa ya D3100 ni ndogo kuliko fremu ya filamu kwa mara 1.5, kwa hiyo 50 yako yaona kama 75. Haya, simama nayo Mkomani, mtaa wetu wa vichochoro. Bibi arusi yuko dakani, wewe mgongo wako ushagusa ukuta wa jirani, na unachopata ni uso na nusu ya hina. Mimi nilirudi nyuma hatua moja ya ziada nikamkalia punda wa watu, mzigo wa mchanga ukamwagika, na mwenyewe akanidai. Sitanii.

Ndani ndiyo zaidi. Nyumba zetu za mawe vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba miaka hiyo, na leo inakuchagulia lenzi. Ukitaka zidaka zote za ukutani zionekane na mama wa bibi arusi amekaa mbele yake, hapo ni 18, hakuna ujanja. Kwa hiyo ile 18-55 usiidharau wala usiiuze. Kwa usiku kwenye nafasi finyu, tafuta 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya sensa ndogo kama yako, ile iliyotoka 2009. Hiyo ni AF-S, mota yake ndani, kwenye D3100 inafokasi yenyewe. Mimi natumia hiyo na D3200, na nusu ya albamu zangu ni yake.

Jambo la pili, nalo liliniliza sana mwanzoni: kanzu. Harusi yangu ya kwanza ya mchana nilipanga wazee kama 30 mbele ya ukuta mweupe, wote kanzu nyeupe, bwana arusi katikati na joho. Kwenye kioo kidogo cha kamera jua lilinipumbaza, sikuona kitu. Nafika nyumbani, kanzu zote za kijivu, kama zimefuliwa na maji ya kisima cha pwani. Mwenye harusi akaniuliza kwa upole kama kamera yangu ni ya zamani.

Sababu ni kwamba kamera haijui kanzu. Ikipima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi husema hapa mwanga umezidi, inafifisha. Ikiona mabuibui kumi kwa pamoja husema hapa giza, inaangaza, na buibui jeusi linakuwa la rangi ya majivu huku nyuso zimeungua. Kwa hiyo usiiachie. Shika kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kanzu nyingi, ongeza 1, wakati mwingine hata 1.3, mabuibui mengi, punguza 0.7 au 1. Kisha itazame picha kivulini, mtandio juu ya kichwa ukiweza, mimi hujifunika na leso wateja wakacheka.

Na flashi ya juu ya kamera isahau kwenye dhahabu. Mkufu unakuwa taa ya boti.

Simu_Yatosha

Dada Binti, heshima. Lakini hayo yote ya kujumlisha na kutoa simu inayafanya yenyewe. Kanzu nyeupe, buibui jeusi, usiku, mchana. Nyie mnajitesa.

BintiMkomani

Kaka, kwa picha ya kutuma WhatsApp na kusahau, simu imeshinda, sibishani. Lakini nikuulize: usiku wa kutolewa bibi arusi nje, kule kwa wanawake, simu yako itaingia?

Harusi ninazopiga mimi, simu hukusanywa mlangoni, zinatiwa kikapuni. Wamejifungua mabuibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka kuamka kesho aikute sura yake mtandaoni. Mimi naitwa kwa sababu tatu: ni mwanamke, najulikana kwetu, na kamera yangu ni kongwe haina waifai. Haitumi kitu popote. Kadi ni moja, ikitoka naiweka kwenye kibweta mbele ya mama mtu, asubuhi nakwenda kwake tunakaa pamoja, zisizotakiwa zinafutwa hapo hapo, zinazobaki zinachapishwa. Nimewahi kushauriwa nibadilishe nichukue kamera mpya inayounganishwa na simu. Nikabadilisha ninapoteza kazi!

Simu_Yatosha

Hapo umenifunga mdomo.

NahodhaKusi

Salamu wanauzi. Mie napeleka wageni baharini kwa mashua, na kamera ni D7000 niliyoachiwa na mgeni mmoja mstaafu aliyerudi kwao. Nimesoma mote, naongeza la baharini maana hamjaligusa.

Usibadilishe lenzi ndani ya chombo. Mie nilijitia hodari. Tulikuwa tunavuka kutoka Manda kwenda Shela, kusi limekaza, tanga limejaa, na upande wa pili mashua mbili zinakimbizana. Nikataka kutoa 35 nitie 55-200. Sekunde tano, nasema mie. Ndani ya sekunde hizo povu likaruka. Halikuingia jingi, nikafuta kwa ncha ya kanga ya mgeni, nikaendelea kupiga, nikafurahi.

Jioni kwenye kompyuta, mawingu yote yana madoa meusi, kama nzi wametua mbinguni. Picha 200, kila moja madoa pahali palepale. Cha ajabu zile nilizopiga f/4 safi, zile za f/16 ndizo zenye nzi. Nikasema basi, sensa imekufa.

FundiVioo_Malindi

Nahodha, hiyo ndiyo kesi ninayoletewa zaidi, na wengi huniletea wamekwisha kuiharibu. Doa liko juu ya kioo cha sensa. Tundu likiwa pana, mwanga unakuja kutoka kila upande na kivuli cha chembe kinatawanyika. Tundu likiwa dogo, mwanga unanyooka na kivuli kinaandikika. Kwa hiyo mwenye shaka apige mbingu tupu kwa f/22, ataona alichonacho.

Dawa ya kwanza ni pampu ya mpira, ile ya kubonyeza kwa mkono. Jaza betri kabisa, ingia kwenye menyu uchague kuinua kile kioo cha ndani kwa usafi, toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera CHINI, puliza kutokea chini bila kuigusa. Betri ikiisha katikati kioo kinaanguka juu ya ncha ya pampu, ndiyo maana nasema ijae. Usipulize kwa mdomo, unatema mate ukitaka usitake. Usitumie kopo la hewa ya kushindiliwa, linarusha kimiminika. Na pamba ya masikio, Mungu wangu, nilimpokea kijana mmoja aliyetoka kupiga korongo la Marafa, lile vumbi jekundu lote lilikuwa limepakwa sensani kama rangi ya ukuta. Kwa chumvi iliyokauka pampu haitoshi, inahitaji kijiti chake maalumu na dawa yake, mpe anayeijua kazi.

Nje ya kamera, ukitoka baharini futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi ya bomba, kikamuliwe mpaka karibu kiwe kikavu, halafu kikavu kabisa. Ukifuta chumvi na kitambaa kikavu unaisugua lenzi na changarawe.

Na kuna adui mwingine asiye na haraka: ukungu. Huku kwetu Malindi na huko Amu ni mamoja, hewa nzito mwaka mzima. Lenzi ikifungiwa kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi miezi sita, ukiimulika na tochi kwa nyuma utaona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya vioo. Hizo si vumbi, ni kiumbe, na kikikaa kinakula rangi ya kioo hata ukikisafisha alama inabaki. Chukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, tia vipakiti vya silika, vile vya kwenye viatu vipya, uvikaushe mara kwa mara. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio mzuri. Mchele usitie, una unga. Na dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia. Lenzi inayotoka kila siku kupigwa na mwanga na upepo, ukungu haupati nafasi ya kuchumbia.

KijanaWaLangoni

Hapo kwa unyevu nami nina swali. Kule hotelini Shela nikitoka chumba cha AC kwenda rosheni, lenzi yote inakuwa ukungu, si wa kuvu, wa maji. Nafuta, unarudi.

NahodhaKusi

Acha kufuta. Ifunge kwenye begi ukiwa bado ndani, toka nayo, kaa nusu saa na kahawa yako. Ikipata joto la nje ndiyo ufungue. Mgeni aliyeniachia hii kamera alinifundisha hilo kabla ya yote.

Mwanafunzi_Mpeketoni

Samahani wakubwa kwa kuingilia. Nami nimepata mtu anauza D3100 na lenzi mbili, 18-55 na 70-300 imeandikwa AF-P. Anasema imetumika kidogo sana. Nitajuaje?

FundiVioo_Malindi

Usisogee kwanza. AF-P na D3100 haziongei kabisa. Ile 50 ya Kijana angalau inazungushwa kwa mkono. AF-P hata ile pete ya mkono inapita kwenye mota, na D3100 haijui kuiendesha mota hiyo. Lenzi hizo zinataka D3300 kwenda juu, na D3300 yenyewe iwe na programu iliyosasishwa. Aidha huyo muuzaji hajui, ama anajua sana.

Kuhusu imetumika kidogo: mwambie apige picha moja sasa hivi, akutumie faili lenyewe kutoka kwenye kadi. Kama ni WhatsApp aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha inabanwa na maelezo yote ya ndani yanafutika. Ndani ya faili la Nikon kuna hesabu ya mara ngapi shata (lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga) imefunguka, kuna tovuti na programu za bure za kuisoma. Shata ya D3100 ilijaribiwa kwa mara 100,000. Ikiwa imefika 15,000, kweli haikutumika sana. Ikiwa 90,000, imeshasomesha watoto wa mtu.

Kisha uende mwenyewe ukaishike. Mulika vioo kwa tochi, piga mbingu f/22, vuta zumu uone kama inakwama. Mchanga ndani ya zumu husikika kabla ya kuonekana.

Mwanafunzi_Mpeketoni

Asante sana. Nimemwomba faili. Amenyamaza.

NahodhaKusi

Amekujibu huyo.

Kijana, nilikuwa nakuja kwako. Hiyo 50 ya D, kwenye D7000 yangu inafokasi yenyewe, bisibisi ninayo. Nami 35mm f/1.8G ninayo, ile aliyoisifu Binti, lakini kazi yangu ni chomboni. Mie niko nyuma kwenye usukani, mgeni kakaa mbele chini ya tanga, na siwezi kuacha usukani nikamsogelea. 35 inanipa mashua nzima, uso mdogo kama kokwa. Nataka 50. Wewe uko vichochoroni, wataka 35. Tubadilishane?

Mkanoni_Watamu

Nunua Canon nyote muishe kubadilishana.

KijanaWaLangoni

Nahodha, wallahi umesema kabla sijasema. Ila 35 bei yake mkononi iko juu kuliko 50 ya D, nikuongeze ngapi?

NahodhaKusi

2,000, na picha moja ya mashua yangu siku ya mashindano, ipigwe kutoka nchi kavu, maana mie siku hiyo nakuwa ndani siioni.

BintiMkomani

Kijana, siku ya mashindano weka S, ambapo kasi wachagua mwenyewe, 1/1000 ya sekunde. Ile VR ya lenzi inazuia mkono wako usitikisike, haizuii mashua wala punda.

Na 35 ukiipata niambie. Mwezi huu kuna harusi nina kazi upande wa wanawake na upande wa wanaume hawajapata mtu. Kanzu ni nyingi, nishakuambia la kufanya.

KijanaWaLangoni

Dada, nitakuja na +1 na leso ya kujifunika. Na yule fundi wa Sh 6,500 nimepita kwake leo, nikamwonyesha picha ya mishkaki. Akasema, "Si nilikuambia itapona?"

FundiVioo_Malindi

😂 Mlipe hata soda.

KijanaWaLangoni

Nahodha, Jumamosi uko wapi?

NahodhaKusi

Nashusha wageni gati ya Amu kama saa tatu asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Njoo na kamera yako, uifunge hapo hapo na uijaribu, usichukue lenzi ya mtu kwa maneno. Lakini tubadilishane nchi kavu, ndani ya chombo sifungui kitu tena.

Na 50 uje nayo na kifuniko chake cha nyuma. Changu cha akiba kilianguka majini pamoja na miwani ya mgeni.